Ukijua kupika mkate si lazima uuze

Mi naandika riwaya na napika mikate, na swali ninaloulizwa sana kuliko yote wala halihusu riwaya, ni mbona huuzi hiyo mikate. Yaani hapa Dar ukionekana tu una kitu unakiweza, iwe kufuma vitambaa au keki yako imetoka vizuri, shoga yako wa kwanza kuonja hajameza ameshakufungulia akaunti ya Insta na jina la biashara ameshakutafutia. Nawaelewa, maisha yenyewe haya, na anayeandika riwaya kwa Kiswahili siyo mtu wa kumwonea wivu wa hela, mrabaha wa mwaka mzima unaweza usifikishe ada ya muhula mmoja. Ila ushauri wangu kwa mnaoandika, hasa mnaoanza, bakizeni vitu viwili vitatu mnavyovipenda bure tu, visivyo na oda wala mteja wala dedilaini, maana huko kuandika kwenyewe tulikuanza kwa kupenda na angalieni sasa tunavyokukimbia.

Nina rafiki yangu alikuwa anaandika hadithi fupi tamu kweli na keki anapika, akaanza kuchukua oda, sasa hivi ana wateja mpaka Kigamboni na nampongeza kwa moyo mmoja kwa sababu analipa kodi ya nyumba kwa hizo keki. Ila akitaka kupumzika hana pa kwenda, jikoni ndio ofisini, na hadithi hajaandika siku nyingi.

Mi mkate wangu ni wa kumimina, ule wa mchele. Unaloweka mchele vikombe viwili usiku kucha, asubuhi unaumwaga maji, unausaga kwenye blenda na tui zito mpaka ulainike kabisa usisikie chenga ukisugua kwa vidole, unatia hamira kijiko kimoja cha chai na iliki uliyoitwanga mwenyewe (iliki ya unga ya dukani achaneni nayo, inanukia kabatini tu), unafunika, unaacha uumuke. Ukishapanda ndio unatia sukari, kikombe kimoja au pungufu kidogo, na ute wa yai moja, unakoroga taratibu. Sufuria iwe nzito na mafuta yawe yameshapata moto, ukimimina usikie chwaa, halafu moto punguza sana. Juu kukianza kutoboka vitundu vitundu na kukauka, hapo ndio makaa yanahamia juu ya mfuniko, au kama umeme upo unaingiza kwenye oveni moto wa juu. Mi napenda makaa, kwanza umeme wetu tunaujua.

Sasa msinisubiri niseme riwaya nayo huumuka, hayo sina, mkate ni mkate. Ninachosema ni kwamba anayeandika riwaya anakaa miaka na kitu kisichoisha, ukimaliza wewe anaanza mhariri, akimaliza mhariri mchapishaji anakwambia subiri bajeti ya mwaka kesho, na msomaji anayekuja kulia kwenye sura ya tisa hutamwona akilia. Mkate unaanza na unaisha leo leo, saa kumi watu wamekaa na chai na unawaona nyuso. Moyo unahitaji hicho kitu, usidanganyike kwamba utakipata kwa kuhesabu laiki. Halafu mikono ikishalowa rojo simu huishiki hata iite vipi, na siku hizi hakuna kitu kingine kinachonifanya nisishike simu lisaa lizima.

Vingine vyangu vidogo vidogo tu, kuchambua vitabu vya mtumba vinavyopangwa chini pale Posta, kukaa siti ya dirishani kwenye daladala nijifanye nimelala huku nasikiliza ugomvi wa watu wa nyuma. Hilo la pili wengine wataita utafiti, basi sawa.

Tuje kwa kukutana na waandishi, maana hapa ndio nawaona vijana wanaharibu. Ikiwa ni uzinduzi, au ni jioni ya kusoma pale Soma, mkahawa wa vitabu wa Mikocheni, au mwandishi mwenyewe kakaa kwenye banda la mchapishaji wake kwenye maonyesho ya Sabasaba, nenda kama msomaji. Mswada wako uache nyumbani. Ukienda nao kwenye begi hutasikia chochote anachosema, utakuwa unatafuta upenyo wa kuuchomoa, na yeye anakuona, ameshaona wengi. Anza na shikamoo, toa nakala yako hata kama imechakaa na ina muhuri wa shule (wengi wanazipenda hizo kuliko mpya), uliza swali la kitu kimoja kilichomo kwenye kitabu chake. Unapata wapi mawazo siyo swali, atakujibu alivyowajibu wenzako wote. Mi huwa nauliza chakula. Kuna mzee mmoja tulimsoma sekondari, nikamuuliza mbona mhusika wako kitabu kizima hali chochote, akacheka mpaka akavua miwani, akasema mwanangu, ile nimeiandika mwezi wa Ramadhani. Akanivutia kiti, tukaongea mikate ya mofa ya mtaani kwao mpaka watu wa ukumbi wakaanza kukusanya viti.

Na mkisikia mtu yuko mjini nendeni, msiseme atarudi. Mwandishi Euphrase Kezilahabi sikuwahi kumwona. Alikuwa Botswana anafundisha miaka yote hiyo, Januari 2020 tukasikia amefariki, na mi nilikuwa na swali langu la riwaya yake ya Rosa Mistika toka nikiwa kidato cha tatu.

Ndio maana sasa nina bahasha. Kila mwandishi ninayempenda ambaye sijakutana naye namwandikia swali lake kwenye karatasi nikiwa bado nimetoka kumsoma, kwa sababu siku ya kukutana akili hupotea kabisa, unabaki unasema nimefurahi sana nimefurahi sana. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, alipopata Nobel ya fasihi 2021 kila mtu mjini akawa shabiki wake wa zamani, mi nikangoja Kiswahili chake, riwaya yake ya Paradise ikaja kwa jina la Peponi mwaka 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota ndio wametoa. Mwanzoni mle kuna mama anampikia mgeni vyakula vya kila namna na mtoto anakula kwa macho. Karatasi yake ipo kwenye bahasha, swali siwaambii, mtaniwahi.

La mwisho, naulizwa kama inafaa kumpelekea mwandishi kitu ulichopika. Inafaa, mi hupeleka. Ila usimpe yeye pale mezani, mpe aliyekuja naye, mke au mtoto au huyo wa mchapishaji, kikiwa kimefungwa vizuri, maana mkate wa kumimina una mafuta na mzee ana foleni ya watu wanataka kusainiwa vitabu.