Jibu: Nchi isiyo na ubavu itazuiaje vita?

Mkuu, umeuliza nchi isiyo na jeshi la kutisha itazuiaje vita. Angalia Kenya na Sudan. Vita vya Sudan kati ya serikali na waasi wa kusini, vilivyoanza 1983, vilimalizwa mezani, Kenya ikisuluhisha. Msuluhishi, Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, alikomaa na pande zote mbili hadi wakasaini Itifaki ya Machakos, makubaliano ya awali, Julai 2002. Kisha Naivasha, John Garang, kiongozi wa waasi, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, wakakaa ana kwa ana miezi na miezi, wakigawana mafuta, vyeo na majeshi kipengele kwa kipengele. Mkataba ukasainiwa Nairobi, 9 Januari 2005. Kenya ilitoa ujirani na subira tu. Hela na shinikizo vilitoka kwa mataifa makubwa pia, tusidanganyane. Ila Darfur, magharibi mwa Sudan, iliachwa nje ya mazungumzo yale, na moto ukaendelea kuwaka huko.