Wasomaji Wanauliza: Karatasi Tupu Katika Michoro ya Wajapani

Swali: Ndugu mhariri, hivi karibuni niliona kitabuni picha ya misonobari iliyochorwa Japani kwa wino mweusi, na zaidi ya nusu ya karatasi haikuguswa kabisa. Sisi tuliokulia penye michoro ya Tingatinga, ambayo rangi zake hujaa mpaka ukingoni, tunajiuliza: je, mchoraji hakumaliza kazi yake, au kuna jambo la dini lililofichwa humo? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Jibu: Kwa maelezo yako, yaelekea uliona picha ya misonobari ya Hasegawa Tohaku, aliyeishi kuanzia mwaka 1539 hadi 1610. Ni viambaza viwili vya kukunjwa, kila kimoja kikiwa na paneli sita na upana wa karibu mita tatu na nusu, na leo vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Miti imekusanyika katika vifungu vichache. Mingine ni myeusi na imechorwa kwa mikwaruzo mikali ya brashi, mingine imefifia hata hujui kama ni mti au ni kivuli chake, na kati ya vifungu hivyo hakuna kitu.

Swali lako la kwanza si la kuchekwa hata kidogo, kwa sababu wataalamu wenyewe wamelijadili. Vipande vya karatasi vilivyounganishwa kutengeneza viambaza hivyo havikulingana sawasawa, jambo lisilotarajiwa katika kazi iliyoagizwa na mteja mkubwa, na kwa hiyo wako wanaoamini kwamba Tohaku alikuwa akifanya rasimu tu, ambayo baadaye watu wengine waliipachika kwenye viambaza. Ikiwa ni kweli, basi mojawapo ya picha zinazopendwa kuliko zote nchini Japani ni jaribio la mchoraji. Lakini hata wenye maoni hayo hawadai kwamba nafasi tupu ingejazwa baadaye. Nafasi ile ni ukungu. Itazame kwa muda nawe utaona kwamba miti iliyofifia haikufifia yenyewe, bali kuna kitu cheupe, chenye unyevu, kilichosimama kati yako na miti hiyo. Na kitu hicho Tohaku hakukichora, alikiacha.

Ili kuelewa jinsi hilo linavyowezekana, inafaa kuanza na vifaa kabla ya dini. Wino wenyewe ni masizi ya kuni za msonobari au ya mafuta, yaliyokandwa pamoja na gundi ya ngozi za wanyama na kukaushwa kuwa kijiti kigumu. Mchoraji hukisugua kijiti hicho taratibu juu ya jiwe lenye maji, na kwa kuongeza au kupunguza maji hupata weusi wa makaa, kijivu cha mvua na vivuli vyote vilivyo katikati yake. Wachina wa kale walisema kwamba ndani ya wino mmoja zimo rangi tano. Karatasi hunywa wino papo hapo. Hakuna kufuta, wala kupaka rangi nyingine juu ya kosa kama afanyavyo mtu wa rangi za mafuta. Mkono ukisita, doa hubaki, kwani ni maji yaliyomwagika. Mchoraji wa namna hii hufikiri kwanza, kisha huchora upesi, na kila anachoamua kutokichora ni uamuzi mzito sawa na mstari wowote.

Hapa ndipo Ubuddha unapoingia, hasa madhehebu ya Zen, ambayo yaliimarika Japani katika karne ya 13 kwa msaada wa watawa waliotoka China. Mmoja wao, Lanxi Daolong, alifika mwaka 1246, na mwaka 1253 akawa mkuu wa kwanza wa hekalu la Kencho-ji mjini Kamakura. Mahekalu hayo yalikuwa shule za taamuli, lakini pia yalikuwa shule za ushairi wa Kichina, mwandiko na uchoraji, na mtawa aliyezoea kuketi kimya kwa saa nyingi akiuangalia moyo wake hakuona ajabu karatasi kuachwa wazi. Mafundisho ya Kibuddha kuhusu utupu hayasemi kwamba vitu havipo. Yanasema kwamba hakuna kitu kinachosimama peke yake bila kutegemea vingine, kama vile msonobari wa Tohaku unavyoonekana kwa sababu ya ukungu, na ukungu kwa sababu ya msonobari.

Hata hivyo naomba tusiivishe kila picha ya wino joho la Zen, kosa ambalo vitabu vingi vya watalii hulifanya. Tohaku mwenyewe hakuwa mtawa wa Zen. Alikuwa muumini wa Nichiren, madhehebu mengine ya Kibuddha, na alichorea mahekalu ya madhehebu hayo. Aliwajua watawa wa Zen, aliingia katika hazina zao na kutazama michoro yao kwa jicho la fundi anayemtazama fundi mwenzake.

Swali: Nimesoma kwamba Wajapani walichukua karibu kila kitu kutoka China: maandishi, Ubuddha, wino, hata chai. Kama ni hivyo, kuna kitu gani katika sanaa yao ambacho ni chao? (Msomaji wa Mombasa)

Jibu: Kwanza tusiisahau Korea, ambayo mara nyingi huachwa nje ya simulizi hili. Ni mfalme wa Baekje, katika rasi ya Korea, aliyepeleka sanamu ya Buddha na vitabu vya dini katika kasri la Japani katikati ya karne ya 6, na Tori, fundi aliyesubu sanamu maarufu ya Buddha ya mwaka 623 iliyoko katika hekalu la Horyu-ji, alikuwa mjukuu wa mhamiaji kutoka bara.

Baada ya hapo ni kweli kwamba Japani iliitazama China kwa karne nyingi. Lakini kuchukua kuna namna zake. Chukua mfano wa Muqi, mtawa wa Kichina wa karne ya 13, aliyechora mungu wa huruma Guanyin akiwa na joho jeupe, upande mmoja korongo na upande mwingine gibon, yule nyani wa Asia mwenye mikono mirefu, akiwa amempakata mtoto wake. Nyumbani kwake Muqi hakuheshimiwa sana. Wahakiki wa Kichina walimwona mchafu wa mkono, asiyefuata kanuni za kale. Wajapani walimpenda kupita kiasi. Picha zake nyingi zilizosalia ziko Japani, na hizo tatu nilizozitaja zimo katika hekalu la Daitoku-ji mjini Kyoto, ambako Tohaku alijifunza kwazo. Anayeiga tu huchukua kile ambacho mwenyewe anakisifu. Hawa walichukua kile ambacho mwenyewe alikidharau.

Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Pale Kunduchi mabakuli ya kaure ya China yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi, wala hakuna anayesema kwamba wazee wetu walikuwa wakiiga mazishi ya Kichina.

Mfano wa pili ni Sesshu, mtawa wa Zen aliyezaliwa mwaka 1420, ambaye alisafiri China mwaka 1467 na kurudi mwaka 1469. Mwaka 1495, akiwa mzee, alimchorea mwanafunzi wake mlima, mashua na kibanda cha pombe kwa matone machache ya wino yaliyomwagwa kana kwamba hakujali, na juu yake akaandika maelezo: kwamba alikwenda China kutafuta mwalimu, akajifunza kwa Li Zai na Chang Yousheng, lakini aliporudi ndipo alipotambua ukubwa wa walimu wa nyumbani, Josetsu na Shubun. Ni maneno ya mtu aliyevuka bahari ili aione nchi yake vizuri.

Swali: Je, Wajapani huabudu milima na miti? Mbona picha zao zimejaa maumbile na watu ni wadogo kama sisimizi? (Msomaji wa Bukavu)

Jibu: Udogo wa watu ni urithi kutoka kwa Wachina, ambao kwao neno la mandhari lilikuwa tu "milima na maji". Kuhusu ibada, jibu liko katika picha moja iliyochorwa juu ya hariri yapata miaka 700 iliyopita, ambayo sasa imo katika Makumbusho ya Nezu, Tokyo. Inaonyesha maporomoko ya Nachi tu: uzi mweupe wa maji unaoshuka mita 133 katikati ya mwamba mweusi, na chini, paa dogo la jengo la ibada. Kwa imani ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, maporomoko hayo ni mwili wa mungu; kwa Wabuddha wa zama hizo mungu huyo alikuwa sura nyingine ya Kannon, ndiye yule Guanyin wa Muqi kwa jina la Kijapani, na waumini hawakuona mgongano wowote. Mahali pa ibada penyewe hapana nyumba ya mungu hadi leo. Waumini husimama mbele ya maji yanayoanguka, wakapiga makofi mawili na kuinama.