Paka na choo chake: tunajibu maswali yenu

Masika yameanza, na paka aliyezoea kwenda haja uani akiona mvua hugeuza njia na kurudi ndani. Ndiyo maana barua za mara hii karibu zote ni za mkojo.

Tunakaa ghorofani, hatuna ua. Mwanangu kanionesha video ya paka anayekaa juu ya choo cha kukaa kama mtu. Wetu anaweza kufundishwa? Choo chetu ni cha kuchuchumaa. (Mama, Michenzani)

Wapo wanaoweza, bibi, lakini sikushauri. Wanaofundisha huanza na beseni la mchanga, wakalisogeza kidogo kidogo mpaka chooni, kisha wakaweka juu ya choo sahani yenye tundu na kulipanua tundu hilo wiki hadi wiki. Ni kazi ya miezi, na wengi hugoma katikati, kwani paka anachotaka ni pahala pa kufukua na kufukia. Juu ya maji havipati vyote viwili. Kwa choo cha kuchuchumaa ndiyo kabisa: mtoto wa paka akiteleza, tundu hilo linammeza.

Tena mkojo ukishaingia chooni huuoni. Kwenye mchanga utaona kama umezidi ghafla, na hapo huenda figo zinamsumbua au ana kisukari. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuiacha video ikabaki kuwa video.

Chukua beseni pana ambalo paka anageuka ndani yake bila ya taabu, lenye ukingo mfupi. Tia mchanga wa vidole vitatu au vine, uliweke kwenye kona isiyopitwa na watu, mbali na sahani yake ya chakula. Mpeleke kila akimaliza kula na kila akiamka, maana ndipo haja inapomjia. Mwache anuse. Akianza kukwaruza mchanga kwa mkono wa mbele, nyamaza, usimsemeshe. Akishafukia, mpe dagaa mmoja pale pale. Paka wa wiki nne hivi kufukua anakujua mwenyewe, wewe unamuonesha wapi tu. Zoa kila siku. Beseni chafu ndilo linalompeleka nyuma ya kabati.

Mchanga wa pwani unafaa? (Kijana, Jambiani)

Unafaa, ukiusuuza chumvi kwa maji ya mfereji na kuuanika mpaka ukauke. Ila ni mzito na haushiki harufu. Nyinyi huko mna vumbi linalobaki makumbi yakipigwa kutolewa usumba. Likioshwa likakauka barabara ni jepesi na linanyonya vizuri. Maranda ya seremala nayo sawa, mradi mbao haikutiwa dawa ya mchwa.

Kakojoa kwenye msala. Mume wangu humsugua pua pale pale ili akome. Na msala je, utasalika? (Wete)

Mwambie baba watoto aache. Paka hapo anajifunza kumuogopa yeye tu, na kesho atakojoa mafichoni. Msala utasalika ukitoharishwa. Paka mwenyewe si najisi, hadithi ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, inajulikana, lakini mkojo wake kwa madhehebu yetu ya Shafi ni najisi, kwa hiyo uoshe kwa maji mpaka rangi na harufu viondoke. Ukitaka kukata harufu, tia siki kwanza, kisha maji mengi. Usitumie dawa yenye amonia, kwani kwa paka inanukia kama mkojo na atarudi palepale. Udi nao humridhisha mgeni, paka bado anaisikia ile harufu yake.

Nina mimba, na mama mkwe anataka paka atupwe. (Chake Chake)

Hofu yake ina asili, usimbishie kwa ukali. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma ambacho mayai yake hutoka na kinyesi cha paka, na kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini mayai hayo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ndipo yaweze kuambukiza, basi kinyesi kikizolewa kila siku hatari inapungua sana. Azoe mumeo. Paka asile nyama mbichi, nawe usile isiyoiva, na mboga zioshwe vyema. Zungumza pia na wa kliniki.

Dume langu linachuchumaa kila mara, linalia, na halitoki tone. Nisubiri Jumatatu? (Mpendae)

Huyu nilimjibu siku ile ile, jibu naliweka hapa kwa wengine. Usisubiri hata asubuhi. Njia ya mkojo imeziba, na dume aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mtafute daktari wa mifugo sasa hivi. Usimminye tumbo, na usimpe Panadol hata kipande, kwani kwa paka hiyo ni sumu.