Mtoto wa tembo akiachwa, msimpe maziwa ya ng'ombe

SWALI: Sisi ni warina asali wa Sikonge, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Tulimkuta mtoto wa tembo kasimama peke yake korongoni. Vijana walitaka kumnywesha maziwa ya ng'ombe, wazee wakakataa. Nani alikuwa sahihi? – Mrina asali, Tabora

JIBU: Wazee. Tumbo la mtoto wa tembo haliwezi kusaga mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Ataharisha, maji na chumvi vitamwishia mwilini, na anaweza kufa huku mnaona ameshiba. Walezi wa tembo yatima huko Kenya walihangaika miaka mingi na jambo hili, hadi walipopata maziwa ya unga ya watoto wachanga yenye mafuta ya nazi. Hata hayo hunyweshwa kila baada ya saa 3, usiku na mchana.

Kwanza msimkaribie. Mama huenda yuko vichakani, na akiwakuta kati yake na mwanawe atawashambulia. Kaeni mbali, mahali ambapo upepo hauvumi kutoka kwenu kwenda kwake. Mtazameni umri: kitovu kibichi na ngozi ya waridi nyuma ya masikio ni dalili za mchanga kabisa, pembe zikianza kuchomoza, anakaribia miaka 2. Chini ya hapo haishi bila maziwa. Mjulisheni haraka askari wa hifadhi au afisa wanyamapori wa wilaya. Kumchukua nyumbani bila kibali, hata kwa huruma, ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Askari wakithibitisha kuwa mama hayupo, mtoto awekwe kivulini, maana jua huunguza masikio yake. Usiku afunikwe blanketi, kwani baridi humletea nimonia upesi. Mashavu yakiwa yamebonyea, amepungukiwa maji. Daktari akiruhusu, pakiti 1 ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) huchanganywa na lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, akapewa kwa chupa mdomoni. Kamwe msimimine mkongani: mkonga ni pua, na maji yataingia mapafuni. Tundikeni blanketi mbele yake aegemeze mkonga, kama anavyoegemea tumbo la mama; wengi hukataa chupa mpaka wapate pa kuegemea. Asipomeza mwenyewe, msimlazimishe.

SWALI: Tembo dume anachechemea, waya wa mtego umezama mguuni. Kwa nini daktari haji peke yake kuukata? – Uvinza, Kigoma

JIBU: Akidungwa dawa ya usingizi na kuangukia kifua, matumbo hukandamiza mapafu, hivyo lazima avutwe kwa kamba alale ubavu, tena mara moja. Mtu mwingine hunyoosha mkonga na kuweka kijiti nchani hewa ipite, mwingine hufunika jicho kwa sikio na kumwagia masikio maji. Daktari hukata waya, huosha kidonda, huondoa nyama iliyokufa na kukiacha wazi usaha utoke. Dawa yenyewe ni kali kiasi kwamba tone dogo laweza kumuua mtu, kwa hiyo msaidizi husimama na dawa ya kuitangua. Mkitoa taarifa, semeni ni mguu upi, ameonekana saa ngapi na ameelekea wapi, msimfuate.