VAT kwenye programu ya hesabu: 92,800 zimetoka wapi?

Swali

Asalaam aleikum, mhasibu. Nina duka Kongowea, Mombasa. Nauza vyombo vya plastiki, sabuni na vifaa vya usafi, jumla na rejareja. Niliandikishwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mwezi wa Aprili, na tangu Mei naingiza jumla ya mauzo ya kila siku kwenye programu ya hesabu. Bei zilizobandikwa kwenye rafu zina VAT ndani yake. Mei niliuza shilingi 580,000. Programu inasema nadaiwa VAT ya 92,800, lakini nikijumlisha risiti za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (KRA), napata 80,000. Kibaya zaidi, kwa mujibu wa programu pesa za duka zimepungua kwa 92,800, na nimeshaanza kumtazama kijana wa kaunta kwa jicho baya. Tena wiki iliyopita hoteli moja niliyoiandikia ankara ya 116,000 ilinilipa 114,000, wakasema zilizobaki zimekwenda KRA. Mwezi ujao nataka kuongeza mkate na maharagwe. Nipange vipi hii kodi kwenye programu?

Jibu

Waaleikum salaam, dada. Tuanze na kijana wa kaunta, maana yeye ndiye aliye hatarini kuliko wewe. Hajaiba. Chukua kikokotoo ufanye 580,000 mara asilimia 16. Unapata 92,800 kamili, bila senti kuzidi wala kupungua. Mwizi wa droo haibi kwa asilimia kamili namna hiyo.

Kilichotokea ni hiki. Wewe uliingiza 580,000 ukijua VAT imo ndani. Programu haikujua. Yenyewe ilidhani 580,000 ni bei kabla ya kodi, ikaongeza asilimia 16 juu yake, na sasa inaamini wateja wamekulipa 672,800. Ikifungua droo, inakuta 580,000. Hizo 92,800 zilizopungua hazijawahi kuingia dukani.

Hesabu ya sawa ni kugawa kwa 116, si kuzidisha kwa 16. Bei yenye VAT ndani ni sehemu 116: 100 ni za kwako, 16 ni za serikali. 580,000 gawanya kwa 116, kisha zidisha kwa 16, unapata 80,000. Mauzo yako halisi ni 500,000. Ndiyo maana eTIMS na wewe mnaelewana, na programu iko peke yake.

Sasa dawa. Katika programu nyingi, kama QuickBooks na Zoho Books, kwenye ukurasa wa kuingizia mauzo kuna kisanduku kinachouliza kama bei ina kodi ndani au kodi iongezwe juu. Kwenye skrini utaona neno Inclusive (kodi imo ndani) au Exclusive (kodi iongezwe juu). Wewe wa dukani chagua Inclusive, kisha nenda kwenye mipangilio ukaifanye iwe hivyo daima, la sivyo kila asubuhi itarudi ilikokuwa. Ankara za hoteli na maofisi unaweza kuziacha Exclusive, kwa sababu wao hupatana bei kabla ya VAT. Ila angalia ankara moja moja; hapa ndipo watu wengi huteleza.

Ukishabadilisha mpangilio, rekodi za Mei hazitajirekebisha zenyewe. Fungua ingizo la kila siku, badilisha, hifadhi. Ni maingizo 31, kazi ya saa moja na kikombe cha chai. Najua utashawishika kuandika ingizo moja la kupunguza 12,800 kwenye VAT ili mambo yaishe. Usifanye hivyo. Kosa limeingia sehemu tatu: VAT imezidi kwa 12,800, mauzo yamezidi kwa 80,000, na pesa zimezidi kwa 92,800. Ukitibu VAT peke yake, mwisho wa mwaka utakutwa na mapato ya hewa na utayalipia kodi ya mapato.

Kama ritani ya Mei, yaani taarifa ya VAT ya mwezi, bado hujaiwasilisha, rekebisha kwanza. Mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa kuwasilisha na kwa kulipa. Kama ulishaiwasilisha na 92,800, iTax, tovuti ya kodi ya KRA, inakuruhusu kuirekebisha ritani.

Akaunti zilipo nyuma ya pazia

VAT unayotoza si pato lako. Umeshikishwa tu, kama vile kondakta anavyoshika nauli ya mwenye matatu. Kwa hiyo isikae chini ya mauzo. Ikae kwenye madeni. Mimi hupenda kufungua akaunti tatu hata pale programu inapotengeneza moja tu: VAT ya mauzo, VAT ya manunuzi, na VAT iliyozuiliwa na wateja. Ukizichanganya zote katika akaunti moja jumla itatoka sawa, lakini siku KRA watakapouliza swali utahitaji siku mbili kujibu jambo la dakika mbili.

Tuseme Mei ulinunua sabuni kwa msambazaji aliyeandikishwa VAT, ankara ya 348,000 kodi ikiwa ndani. Hapo 300,000 ni gharama ya mali na 48,000 ni VAT ya manunuzi. Unachopeleka KRA ni 80,000 toa 48,000, yaani 32,000. Lakini ili hizo 48,000 zikubalike, ankara lazima iwe ya eTIMS na iwe na PIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi. Risiti ya mkono yenye mhuri wa kupendeza haikusaidii kitu. Nawe una miezi sita ya kuidai baada ya mwezi wa manunuzi kwisha. Ukiikumbuka baada ya miezi minane, imekwenda na maji.

Na usimwekee msimbo wa kodi wa asilimia 16 kila msambazaji kwa mazoea. Mama anayekuletea mifagio ya makuti hajaandikishwa VAT, hakutozi VAT, na programu ikikata 16 kwa 116 kwenye bei yake utakuwa unadai kodi ambayo hakuna aliyeilipa. KRA hulinganisha unachodai na alichotangaza muuzaji, kwa hiyo jambo hilo halifichiki. Vilevile kuna vitu ambavyo hata ukiwa na ankara safi huwezi kudai VAT yake: gari dogo la abiria, burudani, chakula cha mkahawani na malazi ya hoteli. Duka la vyombo haliruhusiwi.

Mkate na maharagwe

Hapa ndipo swali lako linaponoga. Mkate wa kawaida unatozwa VAT kwa kiwango cha sifuri. Maharagwe makavu, kama mazao mengine ya shamba yasiyosindikwa, yamesamehewa VAT. Mteja akitazama risiti haoni tofauti: kote kodi ni sifuri. Kwa sheria ya VAT ya mwaka 2013 ni mbingu na ardhi. Mkate ni bidhaa ya kutozwa kodi ambayo kiwango chake kimetokea kuwa sifuri, kwa hiyo VAT uliyolipa ili uuuze unaidai. Maharagwe yako nje kabisa, na VAT inayoyahusu inakufia mkononi.

Kwa hiyo tengeneza misimbo minne kwenye programu, na nakushauri uipe herufi zile zile zinazotumiwa na eTIMS: A kwa vilivyosamehewa, B kwa asilimia 16, C kwa kiwango cha sifuri, D kwa visivyohusika na VAT. Mishahara, pesa ulizotia dukani kutoka mfukoni mwako, na uhamisho kutoka M-Pesa kwenda benki, vyote viende D au viachwe bila msimbo. Ritani ya iTax nayo inataka mauzo ya asilimia 16, ya sifuri na ya msamaha kila moja mahali pake, kwa hiyo programu ikiwa imechanganya, utakaa usiku wa tarehe 19 ukichambua risiti.

Hili pia litakubadilishia utaratibu wa jioni. Siku hizi unaingiza jumla moja ya siku. Kuanzia siku mkate wa kwanza utakapoingia dukani, jumla moja haitoshi. Ingiza mistari mitatu, B, C na A. Au fungua kila bidhaa kwenye programu na uipe msimbo wake mara moja, ndiyo njia ninayoipenda mimi.

Kuna jambo jingine la maharagwe. Kodi ya pango la duka na umeme vinabeba VAT, na vinahudumia sabuni, mkate na maharagwe kwa pamoja. VAT ya sabuni utaidai yote. VAT ya pango na umeme utaidai kwa uwiano wa mauzo. Tuseme mwezi mmoja, kabla ya VAT, umeuza vyombo na sabuni 500,000, mkate 40,000, maharagwe 100,000. Mauzo ya kutozwa kodi ni 540,000 kati ya 640,000, uwiano wa 0.84375. Kama VAT ya pango na umeme ni 8,000, unadai 6,750 na 1,250 inakuwa gharama yako. Lakini uwiano ukizidi 0.90, sheria inakuruhusu kudai yote. Ukiuza maharagwe ya 50,000 tu, unafika 0.915 na huna cha kugawa. Programu nyingi hazifanyi hesabu hii. Utaifanya mwenyewe mwisho wa mwezi kwa ingizo moja la leja. Mimi ningeanza na gunia mbili tatu, nione.

Zile 2,000 za hoteli

Hoteli imesema kweli. Baadhi ya wanunuzi wameteuliwa na KRA kuzuia sehemu ya VAT, asilimia 2 ya bei kabla ya kodi. Ankara yako: mali 100,000, VAT 16,000. Wamezuia 2,000 na kukupa 114,000. Hizo 2,000 zimepelekwa kwa PIN yako na unapaswa kuiona hati yake kwenye iTax. Usiipunguze ankara iwe 114,000, na usizifute kama deni lililokufa, na usiziite gharama ya benki kama alivyofanya mteja wangu mmoja kwa mwaka mzima. Pokea malipo mara mbili dhidi ya ankara ile ile: 114,000 benki, 2,000 kwenye akaunti ya VAT iliyozuiliwa. Ankara inafungika, na ukifika kwenye ritani zile 2,000 zinapunguza unachodaiwa. Hati isipoonekana iTax, wapigie hoteli mapema kabla hawajakusahau.

Msiguse kiwango cha zamani

Hukuniuliza hili, ila nimeliona likiumiza watu. Aprili 2020 VAT ilishushwa kutoka 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Mwenye duka mmoja niliyekuwa namfanyia hesabu aliingia kwenye msimbo wake wa 16 akafuta, akaandika 14. Ikawa kila alipofungua ankara ya Februari kuangalia tarehe tu, ikajihesabu upya kwa 14. Ritani zilizokwisha kuwasilishwa zikaacha kulingana na vitabu, na tulizitafuta ankara hizo moja moja kwa wiki mbili. Kiwango kikibadilika, msimbo wa zamani unauacha ulivyo, unaufungia usitumike tena, na unatengeneza mpya wenye tarehe yake ya kuanza. Mteja akirudisha mali iliyouzwa kwa 14, noti yake ya marejesho inatoka kwa 14.

Mambo ya tarehe yanakuhusu wewe pia kwa namna nyingine. Weka kwenye programu siku ile ile usajili wako ulipoanza kufanya kazi mwezi wa Aprili, wala si siku uliyoinunua programu. Umesema umeanza kuingiza Mei; siku za Aprili baada ya usajili zina VAT yake, nazo zilihitaji ritani. Kama haikuwasilishwa, nenda ukaiwasilishe sasa: faini ya kuchelewa ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, kile kilicho kikubwa, na kodi yenyewe ikichelewa inaongezwa asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Mali iliyokuwa stoo siku ulipoandikishwa nayo ina njia ya kudai VAT yake, lakini muda wake ni mfupi, kwa hiyo kusanya ankara zake wiki hii.

Ukimaliza kurekebisha Mei, weka karatasi tatu mezani: ripoti ya VAT ya programu, jumla ya eTIMS, na ritani ya iTax. Zote zikisema VAT ya mauzo ni 80,000, wasilisha, kisha nenda kwenye mipangilio ufunge Mei kwa nenosiri, ili hata wewe mwenyewe usiweze kuigusa kwa bahati mbaya. Halafu hesabu droo tena, safari hii kijana akiwa amesimama hapo.