Bega Likiganda Halilazimishwi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama ni sawa mama yake, mwenye umri wa miaka 56, kisukari na bega lililoganda, kuendelea kupelekwa kwa mchuaji ambaye kila jioni humvuta mkono mpaka analia. Nilimjibu papo hapo kwamba amsitishe, kisha nikaona jibu fupi halitoshi, kwa kuwa maradhi hayo nimeyaishi.

Bega langu la kulia lilianza kuuma bila kuanguka wala kubeba kitu kizito. Mchana niliweza kuvumilia, lakini usiku kila nilipolalia upande huo niliamka na kukaa kitandani nimeushika mkono kama mtoto mchanga. Baadaye maumivu yakapungua, mkono ukawa mgumu. Darasani nikawa naandika nusu ya chini ya ubao tu, na wanafunzi wa nyuma wakalazimika kusimama ili wasome. Nyumbani, sidiria nikawa naifungia mbele ndipo naizungusha, na kusuka nywele nikamwachia binti yangu. Mkubwa wangu mmoja wa kazi alisema mbele ya walimu wenzangu kwamba siku hizi watu wana maradhi yasiyoonekana hata kwenye picha. Kauli ile bado inanichoma, na naitaja kwa makusudi, kwa sababu ni kweli kwamba eksirei yangu ilitoka safi, na wengi hudhani picha safi ni ushahidi wa uongo.

Eksirei huonyesha mifupa. Ilinifaa kwa kuondoa shaka kwamba kiungo chenyewe kimesagika, jambo ambalo nalo hukaza bega. Tatizo langu lilikuwa katika utando unaokizunguka kiungo hicho kama mfuko, ambao huvimba, ukawa mnene, kisha ukasinyaa mpaka mkono ukakosa nafasi ya kuzunguka. Aliyeligundua ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na hakutumia mashine yoyote. Alinikalisha, akanibana kiwiko ubavuni, akakikunja, halafu akaugeuza mkono kuelekea nje polepole. Wa kushoto ulikwenda vizuri. Wa kulia uligota palepale, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akiusogeza na mimi nimeulegeza kabisa. Akanieleza kwamba mtu aliyechanika kano za bega hushindwa kuunyanyua mkono mwenyewe, lakini mara nyingi mwingine anaweza kumnyanyulia, ilhali bega lililoganda humkatalia hata huyo msaidizi.

Maradhi haya huwapata zaidi watu wenye umri wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine. Kwa hiyo bega likikaza bila sababu, pima sukari hata kama hujawahi kuambiwa unayo. Ernest Codman, daktari wa Boston, Marekani, aliyeyaeleza mwaka 1934, alikiri kwamba ni magumu kuyatibu na hata kuyafafanua, kwa hiyo mgonjwa asijione mjinga anapokosa majibu ya haraka.

Mimi nilichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kiungo, nayo ikanirudishia usingizi. Sindano hiyo hufaa zaidi mwanzoni, wakati maumivu ni makali, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na mwenye kisukari apange na daktari wake namna ya kuifuatilia. Mengine yote ni mazoezi, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Nilikuwa naweka taulo lenye maji ya moto begani, kisha nainama nikiegemea meza kwa mkono mzima, huku ule mbovu ukining'inia na kuzunguka taratibu. Baada ya hapo natambaza vidole ukutani kwenda juu, halafu nashika fimbo kwa mikono yote miwili, viwiko ubavuni, na kuusukuma ule mgumu uelekee nje. Unatakiwa kuhisi mvuto, wala si kulia, na maumivu yakikufuata mpaka usiku ujue umezidisha.

Bega la namna hii huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea. Nilifanya mazoezi hayo kwa nidhamu, na leo naandika ubao mzima, jambo ambalo nalisema kwa majivuno. Ndugu zangu, tuache kuwapeleka wazazi wetu kuvutwa mikono, na tuache kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku kwa ushauri wa muuza duka, maana tumbo na figo ndivyo vitakavyolipa, hasa kwa mwenye shinikizo la damu.

Yapo maumivu ya bega yasiyosubiri taulo wala fimbo. Yakija ghafla pamoja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi, huenda ni moyo. Bega likivimba na kuwa la moto huku una homa, huenda kiungo kimeingiwa na vijidudu. Hali hizo mbili ni za kuwahi hospitali mara moja, iwe mchana au usiku.