Kanisa la Masasi: 1876 ni mwaka wa misheni, si wa jengo

Ndugu, umeuliza inakuwaje watu wa Masasi, kusini mwa Tanzania, waseme kanisa lao ni la 1876 wakati kuta hazionyeshi umri huo. Huo ni mwaka wa misheni. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alitoka pwani ya Lindi akiwa na watu walioachiwa huru utumwani, ambao walikuwa Zanzibar. Safari ilikuwa ya kuelekea Ziwa Nyasa; walipofika Masasi wakapapenda, wakaweka makazi hapo hapo.

Majengo ya mwanzo yalikuwa ya miti, udongo na nyasi. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia misheni, kisha 1905 wapiganaji wa vita vya Maji Maji wakaichoma tena, pamoja na misheni za Lukuledi na Nyangao za Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki. Ndiyo maana Wabenediktini walihamia Ndanda 1906. Kwa hiyo usitegemee kukuta ukuta wa 1876 umesimama.

Ukitaka kukisia umri wa ukuta wa kanisa lolote la zamani huku kwetu, tazama kwanza kiungo kati ya mawe, kama ni chokaa ya zamani au saruji. Chokaa ni laini: ukikwaruza na ukucha pale palipokwisha kumomonyoka, hutoka unga mweupe wenye chembe za mchanga. Saruji haikwaruziki hivyo.

Na tafadhali, kama parokia yenu ina ukuta wa chokaa, msiupige plasta ya saruji. Unyevu unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea, plasta inabanduka na jiwe linaliwa kwa ndani. Tumieni chokaa na mchanga kama wazee walivyofanya.